Alama ya Mpira

Mimi ni mwoga wa nyoka. Nasema hivyo mapema, mtu asije akafikiri nasimulia habari za ushujaa. Nilizaliwa milimani, Mbooni, kwenye baridi na miparachichi, ambako nyoka akionekana watu wanazungumza wiki nzima. Nilipomaliza uuguzi nikapelekwa huku chini, kusini mwa Kitui, na usiku wa kwanza nilikung'uta blanketi mara tatu kabla sijalala. Mpaka leo nakung'uta. Wenzangu walinicheka hadi wakachoka.

Zahanati yetu ni vyumba vinne na tangi la maji. Wauguzi tuko wawili na tunapokezana, kwa hivyo siku nyingi niko peke yangu na mama mmoja wa usafi. Dawa ya sumu ya nyoka hatupewi, inakaa hospitali kubwa, mwendo wa saa moja na nusu kwa barabara ya vumbi. Mtu akiumwa huku, kazi yangu ni kumwekea dripu, kuita ambulensi na kumwomba Mungu.

Na karibu kila aliyeletwa alikuwa amefungwa mpira. Nauita mpira kama wanavyouita wao: kipande kirefu cha tyubu ya pikipiki, kile cha kufungia magunia kwenye keria. Huku hakuna boma lisilokuwa nacho. Nyoka akiuma, kabla hata maji ya kunywa hayajaletwa, mgonjwa ameshafungwa juu ya jeraha na kukazwa mpaka nyama inabinuka pande zote mbili. Babu zao walifunga kwa kamba ya katani, wao wanafunga kwa tyubu.

Mwaka mmoja waliniletea mfugaji mmoja wa mbuzi aliyekuwa amekaa na mpira siku mbili kwa mganga. Mguu ulikuwa mweusi kutoka vidoleni hadi pale ulipofungwa, na harufu yake ilimtoa mama wa usafi nje mbio. Hospitali waliukata kwenye goti. Nilikasirika, na hasira zangu haziko mbali. Niliwagombeza ndugu zake mbele ya watu kama watoto wa chekechea. Mzee mmoja akanijibu kwa upole, "Sasa sista, sisi tungejuaje?"

Swali hilo lilinifuata nyumbani. Wakati huo nilikuwa nimerudi masomoni, nasoma digrii huku nikifanya kazi, na tulikuwa tumepewa zoezi: chagua jambo moja linalofanywa kwa mazoea kazini kwako, tafuta utafiti unasema nini juu yake, upime kama ni wa kuaminika, kisha uutumie. Wenzangu walichagua kunawa mikono na kubadilisha bandeji. Mimi nikachagua mpira.

Nyuma ya tangi la maji kuna mwamba, na juu ya mwamba ndipo mtandao unapopatikana. Nilikaa pale jioni nyingi, miguu nimeikunja chini ya leso kwa kuogopa nyoka yuleyule niliyekuwa namsomea. Nilipata makala kadhaa. Iliyonifaa zaidi ilitoka kwa watu waliofanya kazi kwenye nchi kavu kama yetu, lakini niliweza kusoma muhtasari tu, zile aya mbili za juu. Ukigusa ili usome zaidi, ukurasa unadai malipo ya dola. Muhtasari ulisema wazi: kufunga kwa kukaza hakusaidii, kunaua nyama, na watu waache. Basi. Nilihitaji nini tena? Mimi mwenyewe nilikuwa nimeuona mguu mweusi.

Nikaandika karatasi kwa kalamu nene nyekundu: UKIUMWA NA NYOKA USIFUNGE MPIRA. KAMA UMEFUNGWA, UFUNGUE MARA MOJA, UJE ZAHANATI. Chini nikaandika: Sista wa zahanati. Ile sentensi ya kwanza niliipata kwenye muhtasari. Ya pili niliitoa kichwani mwangu, maana niliona ndivyo inavyofuata, kama kitu ni kibaya si unakitoa? Nikabandika mlangoni. Jumapili pasta alinipa nafasi wakati wa matangazo, nikaisoma mbele ya kanisa zima. Mwenyekiti wa stendi ya boda boda, kijana mwerevu na mwenye kelele, akaipiga picha akaisambaza kwenye magrupu yote ya simu. "Sista," akaniambia, "hii sasa imefika mpaka Makindu." Nilijisikia mtu mkubwa, sitaficha.

Msimu wa palizi majirani walileta mwanamume mmoja kwa pikapu. Alikuwa ameshafariki. Hakuwa na mpira. Chini ya goti palikuwa na alama tu, mstari wa zambarau kuzunguka mguu, mpana kama kidole. Nikaandika kwenye kitabu: amefika amefariki, ameumwa na nyoka, hakufungwa, kuna alama ya mpira chini ya goti la kulia. Niliwapa pole. Walipoondoka nikamwambia mama wa usafi, "Angalau somo limewaingia." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Mavuno ya ndengu yalipoanza nilienda Kitui mjini kwa wiki ya masomo. Kila mtu alisimama kueleza zoezi lake. Mimi nilieleza kwa mbwembwe, na picha ya karatasi yangu nikaionyesha ukutani. Mwalimu wetu alikuwa muuguzi wa zamani, mtu wa maneno machache, aliyezeeka wodini kabla hajaanza kufundisha. Aliitazama ile karatasi muda mrefu.

"Hii makala umeisoma yote?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mpaka mwisho?"

"Ndiyo."

Hakubishana. Alisema tu, "Nitakutumia nakala nzima, mimi nina ruhusa ya maktaba. Isome tena."

Ijumaa jioni niliifungua kwenye simu, nimekaa hotelini na chapati na maharagwe mbele yangu. Kwenye ukurasa wa nne nikaikuta aya moja. Inasema kwamba mgonjwa akifika akiwa amefungwa, asifunguliwe kabla ya kufika penye dawa ya sumu, dripu ikiwa mshipani na watu wakiwa tayari kumsaidia kupumua. Sumu iliyozuiliwa chini inaweza kumwagika mwilini yote kwa mpigo, na mtu aliyekuwa anaongea vizuri akaacha kupumua dakika chache baadaye. Niliisoma mara ya pili. Mara ya tatu herufi zilikuwa zinacheza. Niliitema chapati kwenye karatasi, mhudumu akiniangalia.

Kitu cha kwanza kilichonijia si wagonjwa wajao. Ni ile alama ya zambarau.

Nikampigia mwenyekiti wa stendi. Mteja hapatikani. Nikampigia pasta, simu ikaita mpaka ikakatika. Nikaandika ujumbe kwenye grupu la boda, "Msifungue mpira, subirini niwaeleze," ukabaki na alama moja tu, haujafika. Usiku ule sikulala. Kila nilipofumba macho nilimwona mtu njiani, mahali fulani nisipopajua, anainama kufungua fundo kwa sababu sista amesema.

Jumamosi nilifika zahanati saa sita mchana, begi bado begani. Niliingia moja kwa moja kwenye kitabu. Mstari ulikuwa pale, kwa mwandiko wangu mzuri: hakufungwa, kuna alama ya mpira. Yaani alifungwa, akafunguliwa, akafa. Ushahidi wenyewe nilikuwa nimeuandika kwa mkono wangu, na bado sikuuona. Nikatoka mlangoni nikaibandua ile karatasi, na bado nilikuwa nimeishika simu ilipolia. Ni yule kijana wa stendi.

"Sista! Nakuletea mama ameumwa na nyoka kwenye shamba la ndengu. Usijali, somo tunalijua. Wamemfunga mpira hawa watu, lakini naufungua hapa hapa kabla hatujatoka."

"Usifungue!"

"Nini?"

"Usi-fu-ngu-e! Mlete hivyo hivyo!"

"Sista sikusikii, umesema nifungue? Sawa..."

Ikakatika. Nilipiga mara nane. Mteja hapatikani, mteja hapatikani, kwa sauti ile ya yule mwanamke asiyejua kitu.

Kutoka mashamba yale mpaka kwetu ni kama dakika arobaini kwa pikipiki. Sijawahi kuogopa vile, wala sidhani nitaogopa tena. Niliita ambulensi, wakasema inakuja. Niliandaa dripu, nikaangusha sindano, nikachukua nyingine, nikaiangusha pia. Nilitoa ule mfuko wa kubinya wa kumpulizia mtu hewa, nikaujaribu kwenye kiganja changu, nikaujaribu tena. Mama wa usafi akaniuliza, "Sista, unaumwa?" Nikamfokea. Kisha nikamwomba msamaha. Na nitasema kweli, nilifikiri kufunga mlango, nipande gari nirudi kwetu Mbooni, niuze parachichi na mama yangu, nisimguse mtu tena maisha yangu yote. Nilifika mpaka kwenye funguo.

Nikasikia pikipiki.

Walikuwa watatu juu yake. Kijana mbele, katikati mwanamke wa kama miaka thelathini, na nyuma yake mwanamke mzee, mama mkwe wake, susu kama tunavyowaita bibi huku Ukambani, amemkumbatia kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ameunyosha chini ameushika mguu wa mgonjwa. Vumbi limewafanya wote rangi moja. Nilikimbia nikapiga magoti pale chini. Mpira ulikuwepo. Ulikuwa umekazwa chini ya goti, na ule mkono mzee ulikuwa juu ya fundo, vidole vimekakamaa.

"Mungu wangu, asante," nilisema, na nikalia kabla hata sijamgusa mgonjwa.

Kijana alikuwa amekasirika. "Sista, huyu susu amenizuia! Nimemwonyesha karatasi kwenye simu, hataki. Ona, ameniuma!" Akanyoosha mkono. Kweli, palikuwa na alama za meno machache yaliyobaki.

"Na ukiugusa tena nitakuuma nikumalize," susu akamwambia.

"Mwache," nikasema. "Susu yuko sawa. Mimi ndiye nimekosea. Mpira hautoki hapa."

Kijana alinitazama kama nimechanganyikiwa. Sikuwa na muda wa kumweleza. Mgonjwa alikuwa bado anaongea, anauliza nani atachukua watoto, lakini maneno yalikuwa mazito mdomoni, na kope za macho zilikuwa zinashuka hata akijaribu kuzifungua. Niliijua hiyo dalili kutoka kwenye ile makala, kutoka kwa sehemu niliyoisoma jana tu. Sumu ya kulegeza mwili. Nikapata mshipa mara ya kwanza, sijui vipi. Ambulensi ikaja, tukapanda mimi na susu.

Njia nzima nilihesabu anavyopumua. Susu alikaa kwenye kile kibenchi, hakuuacha ule mguu, ingawa nilimwambia fundo haliwezi kulegea lenyewe. Tulipovuka mto mkavu, ambulensi ikirukaruka, akasema bila kuniangalia, "Wa kwanza tulimfungua."

"Wa kwanza yupi, susu?"

"Mwanangu. Mume wa huyu. Wakati wa palizi."

Hapo ndipo nilipojua niko na nani. Nikashika kifua cha mgonjwa nikaendelea kuhesabu, kwa sababu kuhesabu kulikuwa rahisi.

Hospitali walikuwa tayari. Daktari kijana aliielewa hali haraka. Aliianzisha dawa ya sumu kwanza, akangoja, kisha akaanza kuulegeza ule mpira kidogo kidogo, anasimama, anaangalia, analegeza tena. Hata hivyo, dakika chache baada ya mpira kutoka wote, mgonjwa aliacha kupumua. Nilikuwa nimesimama upande wa kichwa na ule mfuko mkononi. Nilibinya. Kifua kikapanda. Nikabinya tena. Tulipokezana, mimi na muuguzi wa pale, hadi jua likaanza kushuka dirishani na mgonjwa akavuta pumzi yake mwenyewe, ndogo, kama mtu anayetaka kupiga chafya. Yote hayo yalitokea ndani ya chumba chenye oksijeni na watu wanne. Mume wake yalimpata uani kwake.

Alipona. Ganzi ya unyayo ilikaa miezi, na mpaka leo anachechemea kidogo anapopanda ngazi zetu za zahanati, kwa sababu mpira ni mbaya, hilo halijabadilika. Lakini anapanda.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani wakati wa matangazo, na karatasi mpya. Hii niliisomea kwanza kwa simu yule mwalimu wangu, neno kwa neno, naye akanisahihisha mahali pawili. Inasema usifunge kwa kukaza, mlaze mtu na umtulize, mguu usitembee, mlete haraka. Na inasema, kama ameshafungwa, asifunguliwe njiani, mleteni jinsi alivyo. Nikawaambia ile ya kwanza ilikuwa na kosa na kosa ni langu. Watu walinong'ona. Kijana wa stendi alisambaza mpya, lakini ya zamani bado inazunguka. Wiki iliyopita tu mtu alinitumia, anasema nisaidie kuisambaza, ina mafunzo.

Kanisani hakukuwa kugumu. Kugumu kulikuwa Jumanne, siku ya wagonjwa wa presha, nilipomwona susu kwenye foleni, kiti cha tatu. Zamu yake ilipofika aliingia, akakaa, akakunja mkono wa gauni kama kawaida. Nilifunga mlango.

"Susu, ile karatasi ya kwanza niliandika mimi."

"Najua."

"Ile iliyowafanya mumfungue mwanao."

"Najua, mwiitu wakwa, binti yangu. Nilisomewa mpaka chini. Sista wa zahanati. Sista tunaye mmoja wa kuandika mambo."

Nilingoja anilaani. Nilitaka anilaani, ingekuwa nafuu. Alikuwa anaangalia ukutani, pale ilipokuwa karatasi mpya.

"Kwa nini hukuja kuniambia?" nikamwuliza. "Ungeniambia ulichokiona, ningeitoa mlangoni siku hiyo hiyo."

Akanigeukia. "Nilikuja. Tulipomaliza kuzika, nilikuja Jumanne, nikakaa kiti hiki. Nikakuambia nina neno juu ya mwanangu. Ulikuwa na foleni mpaka nje. Ulinipima, ukaniambia presha iko juu kwa sababu ya huzuni, nipunguze chumvi."

Sikumkumbuka. Hata sasa nikijaribu simkumbuki. Nilitafuta kitabu cha mwezi ule, nikafungua, na alikuwepo: mwanamke, presha juu, ameshauriwa. Mwandiko wangu mzuri.

Nje watu walikuwa wanaanza kukohoa kwa kuchoka kungoja. Susu alisikia, akaanza kushusha mkono wa gauni lake ainuke, apishe wengine, kama alivyofanya siku ile. Nikamshika kiganja. Nikavuta kiti changu karibu, nikaitoa mezani ile karatasi ya zamani ya kalamu nyekundu, nikaigeuza upande wake mweupe, nikachukua kalamu.

"Susu, niambie sasa. Nitaandika yote."

Akaitazama kalamu, kuona kama kweli inangoja.

"Alikuwa anaongea vizuri," akaanza. "Andika hivyo. Alikuwa ameketi uani na mpira wake, anaongea vizuri kabisa, ananiuliza kama mbuzi wameshapewa maji. Nikamwambia bado. Halafu tukafungua."